Mlima Ndani ya Mbao za Breki

Nianze na jambo ambalo hamtaliamini: gari lile halina injini. Wiki nzima mmenizunguka hapa Ilomba mkinionyesha picha kwenye simu, "Bibi Tusekile, rolakosta inakuja mjini likizo hii, eti wewe ulikuwa unaiendesha." Sikuiendesha. Hakuna mtu anayeiendesha, na hapo ndipo penye habari yote. Sisi tuliofanya kazi nayo tuliiita Nyoka, kwa jinsi reli zake zilivyojikunja, na mimi nilikuwa mtu wa breki. Mnaponiona nashindwa kuinua ndoo kwa mkono wa kulia, huyo ndiye Nyoka.

Naandika kwa sababu nikisimulia kwa mdomo mnanikatiza ili tufike haraka kwenye mayowe. Mayowe yapo. Safari hii mtanisikiliza mpaka mwisho, na sidhani kama mtaupenda.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Salehe, mtu wa Kihesa kule Iringa. Babu yake alipanda kutoka pwani na biashara ya nguo, lakini yeye mwenyewe hakuwa na subira ya kukaa dukani. Alikwenda Mgololo akajifunza ufundi wa mitambo kwenye kiwanda cha karatasi, akakaa huko mpaka alipopata habari kwamba kuna tajiri ameleta mtambo wa mtumba kutoka ng'ambo, wa kuchezea watoto, na hakuna anayejua kuufunga. Huyo tajiri nitamwita bosi tu. Ameshafariki, na wanawe ni watu wema.

Mimi nilikuwa nakaanga viazi pembeni ya uwanja. Mtu wao wa breki alikuwa mpenzi wa pombe ya ulanzi, na siku moja alilala amekumbatia mtaimbo wake wa breki huku gari likiwa linashuka. Fundi Salehe akaruka akavuta breki yeye. Gari liliposimama alinitazama mimi na karai langu. "Mama, wewe mikono unayo. Unalewa?" Nikamwambia nalewa Krismasi tu. "Krismasi tunafunga," akasema, na hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Somo la kwanza hakunipa kwa maneno. Alinipeleka nyuma ya gari tupu, mahali reli inapoanza kupanda mlima wa kwanza, akaniambia sukuma. Nikasukuma. Hatua chache tu na jasho likanitoka.

"Zito?"

"Zito, Fundi."

"Hilo jasho lako halijapotea. Limeingia humo ndani. Sasa kaa pembeni uliachie."

Nikaliachia, likarudi chini kwa kasi likapiga ndoo ya maji iliyokuwa njiani ikaruka mpaka kwenye viazi vyangu. Fundi alicheka mpaka akakaa chini.

Shuleni mnaiita nishati. Yeye aliiita shibe. Gari linakula mara moja tu, alisema, na linakula juu. Chini kuna mota na mnyororo unaolikokota mpaka kilele cha mlima wa kwanza. Huo mlio wa tak-tak-tak mnaousikia kwenye video ni kijiti cha chuma chini ya gari kinachoruka meno ya reli, ili mnyororo ukikatika lisirudi nyuma. Likifika kileleni mnyororo unaliachia. Kuanzia hapo ardhi inalivuta. Linaposhuka, kimo kinageuka kasi. Linapopanda kilima kinachofuata, kasi inageuka kimo tena. Halina kitu kingine cha kutegemea mpaka litakaporudi stesheni.

Ndiyo maana mlima wa kwanza huwa mrefu kuliko yote. Kila mzunguko wa gurudumu unakula kidogo, upepo unakula kidogo, hata makelele yale ni shibe inayotoka. Kilima cha pili lazima kiwe kifupi, cha tatu kifupi zaidi. Mtu akiwachorea rolakosta yenye kilima cha pili kirefu kuliko cha kwanza, mwambieni hiyo haifiki.

Na likishavuka kilele hakuna swichi inayoliita lirudi. Hilo mliweke kichwani, nitalirudia.

Mnapenda kuuliza kwa nini tumbo linapanda. Alikuja mfugaji mmoja kutoka Usangu, Msukuma, mtu mkubwa mwenye kofia pana, ameuza ng'ombe na anataka kujua mjini kuna nini. Alikaa kiti cha nyuma kabisa. Gari lilipovuka kilele nikaona kofia inabaki angani peke yake. Aliposhuka alinifuata kwa hasira ya mtu aliyeibiwa.

"Mama, kile kiti kinanikimbia. Mimi nakaa, chenyewe kinaondoka."

Hajasoma, hajaambiwa, na amesema sawasawa. Mwili wako una tabia ya kutaka kuendelea kule ulikokuwa unakwenda. Gari linapoinama kushuka, mwili bado unataka kwenda mbele na juu, kwa hiyo kiti kinakukimbia na unajihisi huna uzito. Ukifika bondeni mambo yanageuka: mwili unataka kuendelea kwenda chini, reli inakukatalia, kiti kinakusukuma juu, nawe unajihisi umebeba gunia mapajani. Uzito wako ni uleule siku nzima. Kinachobadilika ni jinsi kiti kinavyokusukuma. Yule Msukuma alipanda tena na tena mpaka jioni, kofia ameishika kwa meno.

Kwenye kona ni tabia hiyohiyo. Gari linakata kushoto, mwili unataka kwenda moja kwa moja. Kwa hiyo kona zilizokuwa na kasi zililazwa, reli ya nje juu kuliko ya ndani, kama bodaboda anavyolala akikata kona. Ukilaza kona, gari linakandamizwa kwenye reli badala ya kupinduka. Lakini Nyoka alikuwa na kona moja ambayo haikulazwa, iliyo bapa kama meza. Ilikuwa mbele tu ya stesheni, kuelekea kwenye mnyororo. Gari lilipaswa kupita pale polepole baada ya kupakia, kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwa hiyo waliolitengeneza hawakuona haja ya kuilaza. Nje ya ile kona ndipo foleni ya watu ilipokuwa inasimama.

Ndiyo maana palikuwa na mimi. Kabla ya ile kona, chini ya gari, katikati ya reli, kulikuwa na mbao mbili ndefu. Nikivuta mtaimbo wangu mbao zinainuka, zinasugua tumbo la gari, gari linasimama. Siku yangu ya kwanza, gari liliposimama na watoto wakashuka, Fundi alinishika mkono akaniwekea kiganja juu ya ubao. Nikautoa haraka.

"Moto!"

"Ule mlima uliouona pale juu," akasema, "ndio huo umeushika."

Nilikaa nao muda ule moto wa kiganjani. Jasho la mota limekuwa kimo, kimo kimekuwa kasi, kasi imekuwa joto kwenye mbao. Hakuna kilichopotea. Mwalimu wangu wa shule ya msingi alinichapa miaka saba na hakuwahi kunieleza kitu nikakielewa namna ile.

Msuguano, kwa hiyo, ni kitu cha ajabu. Njiani tunauchukia na stesheni tunauomba. Na huku kwetu ulikuwa na visa vyake, kwa sababu ya baridi. Tulikuwa tunamfunga na kumfungua Nyoka mji kwa mji, na mnajua Juni na Julai ya Mbeya; ile ya Mafinga ni mbaya zaidi. Grisi kwenye beringi za magurudumu inaganda inakuwa kama mafuta ya ng'ombe kwenye sufuria iliyolala nje. Gari linaanza safari na shibe ileile, lakini grisi nzito inaila yote, linafika katikati ya kilima cha pili, linasita, linarudi nyuma, linabembea bondeni mpaka linatulia. Hapo ni kulisukuma kwa mabega, watu wazima wote wa uwanjani, huku watoto waliomo wanatucheka.

Dawa ya Fundi ilikuwa majiko. Asubuhi kabla ya chai tuliwasha majiko ya mkaa, tukayapanga chini ya gari, jiko moja kwa kila ekseli, tukasubiri. Tulikuwa tunaota moto sisi na gari pamoja. Halafu tulilipakia magunia ya mchanga, gunia kwa kila kiti, tukaliachia lizunguke. Magunia yale aliyaita abiria wasiolia. Mpaka abiria wasiolia warudi salama, hakuna mtoto anayepanda. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima, na bosi aliichukia.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Nimezunguka sana, najua.

Ilikuwa hapa Mbeya, siku za Nanenane, ukungu umelala mpaka kwenye nyasi. Mkaa wetu ulikuwa umelowa. Fundi akaenda kutafuta mwingine mitaani. Akiwa hajarudi, shule moja ikaleta watoto wake, wamejipanga na sweta zao, wanatetemeka. Bosi aliwaona akaona aibu. Akachukua dumu la oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye jenereta, akaichanganya na dizeli, akaosha beringi zote yeye mwenyewe kwa brashi. Grisi yote ikatoka.

Mnaijua oili chafu. Huku kwetu ni dawa ya kila kitu: mchwa, bawaba, minyororo ya baiskeli, vidonda vya mbwa. Bosi hakuwa na nia mbaya. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, ingawa bado linanichoma kuliandika.

Fundi aliporudi na mkaa alinusa kabla hajaona. "Nani amefanya hivi?"

"Linateleza sasa, Fundi," bosi akasema. "Wewe ungekaa unaota moto mpaka saa sita."

"Nivue magurudumu nipake grisi upya."

"Baada ya hawa watoto."

"Basi magunia kwanza."

Magunia yakapakiwa. Na hapa ndipo mnisikilize vizuri kuliko kote. Gari lilizunguka vizuri kuliko siku zote, likarudi, nikavuta, likasimama mahali pake. Abiria wasiolia walirudi salama. Bosi akapiga makofi. Fundi alizunguka gari, akainama, akainuka. Kipimo chake mwenyewe kilikuwa kimemshinda.

Kumbe oili nyepesi inahitaji jua ili itiririke. Ukungu ulipofunguka na chuma kikaanza kupata moto, ikaanza kudondoka. Kila gari liliposimama stesheni kupakia watoto, ekseli zilikuwa juu ya mbao zangu, na tone moja moja lilianguka pale. Fundi aliliona. Kila safari alishuka na matambara akafuta mbao. Lakini ubao ukishakunywa oili haufutiki, unang'aa tu. Na ule msuguano uliotoka kwenye magurudumu sasa ulikuwa umetoka na kwenye breki.

Karibu na adhuhuri nilivuta, gari likanipita. Lilipita stesheni, likasimama pua ikiwa imeshaingia kwenye kona bapa. Watoto walidhani ni sehemu ya mchezo wakashangilia. Tulilirudisha kwa mikono, nikamwita Fundi aliyekuwa anachota maji upande wa pili wa uwanja, nikamwambia bosi tufunge.

"Umechelewa kuvuta," bosi akanijibu.

Sikuchelewa. Nimeulizwa hilo na polisi, na wakaguzi, na ndugu zangu, na nimejibu vilevile kila mara.

Nilipokuwa bado namweleza Fundi, nikasikia tak-tak-tak. Bosi alikuwa amepakia watoto wengine akawasha mnyororo. Fundi alipiga kelele "Zima!" kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Bosi akazima. Lakini gari lilikuwa limeshainama upande wa pili, likiwa limejaa sweta za bluu kiti kwa kiti.

Kutoka kilele mpaka stesheni palikuwa na muda wa kusema sala fupi. Fundi hakusali. Magunia yalikuwa yamerundikwa pembeni ya jukwaa. Alilipasua moja kwa kisu, akaruka katikati ya reli, akaanza kumwaga mchanga juu ya mbao. Nilielewa mara moja. Oili imeondoa msuguano, mchanga utaurudisha. Alimwaga akirudi kinyumenyume, kwa uangalifu, kama mtu anayepanda mbegu. Gunia likaisha katikati ya mbao.

Angeweza kutoka hapo. Jukwaa lilimfika kifuani, kuruka ni mara moja. Nilimwambia, "Fundi, toka." Aligeuka akavuta gunia la pili.

"Vuta, Tusekile," akasema. Alisema taratibu, kama alivyokuwa anasema siku zote.

Nilining'inia kwenye mtaimbo kwa uzito wangu wote. Bega likatoka mahali pake, sikulisikia mpaka jioni. Gari liliingia, likateleza, halafu likashika mchanga kwa mlio ambao hata leo nikisikia mtu anakwangua sufuria naondoka jikoni. Lilisimama kabla ya kona. Watoto walitupwa mbele kwenye vyuma vyao vya mapajani, wakalia, wakashuka mmoja mmoja, mwalimu wao anawashika mikono akiwageuza nyuso upande wa pili. Hakuna aliyevunjika hata kidole. Fundi Salehe alikuwa chini ya gari la mbele, na gunia limepasukia juu yake. Alikufa kabla hatujaliinua.

Nyoka alifunguliwa kwa mara ya mwisho akauzwa chuma chakavu. Niliendelea na kazi hii kwa matajiri wengine mpaka bega lilipokataa kabisa. Kila mahali nilikuwa mtu wa kero: magunia asubuhi, magunia adhuhuri jua likipanda, magunia hali ya hewa ikibadilika. Kipimo cha asubuhi kinaeleza habari za asubuhi tu. Mitambo ya siku hizi ina breki za sumaku ambazo hazigusani na kitu, wala hazijali oili. Ni nzuri, nazipenda. Lakini sumaku nayo inafungwa na mtu, na mtu ana bosi.

Kwa hiyo nendeni mkacheze, siwakatazi. Mkifika msiangalie taa. Muulizeni mtu wa breki kama gari limezunguka na mchanga leo, na lini. Akiwacheka, rudini nyumbani, nitawakaangia viazi.

Nilimpeleka Fundi kwao pamoja na wenzangu. Mkewe, Bi Zuhura, alitupokea Kihesa mlangoni. Alitusalimia "kamwene" kama kawaida ya Iringa, tukaitika, akatukaribisha ndani. Baada ya mazishi aliniita chumbani peke yangu. Mkono wangu ulikuwa umefungwa kwa kitenge.

"Wewe ndiye ulikuwa kwenye breki."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Sijakuita kwa hilo. Lilisimama?"

"Lilisimama. Wote walishuka kwa miguu yao."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Alikuwa ameishi na yule mwanamume miaka mingi, na nadhani alipewa somo la kiganja kabla yangu.

"Basi mbao zilipata moto," akasema.

"Zilipata, mama. Nilizishika."

Akauchukua mkono wangu mzima, akakifungua kiganja, akakiweka shavuni kwake, tukakaa hivyo mpaka watu walipokuja kutuita tukale.